Figa la Nne

Makande hayakuwa na chumvi, na Naetwe hakusema.

Alitafuna taratibu, akameza, akachota tena. Ng'ambo ya moto alikaa Kunda, mke wa marehemu mwanawe, akiuchochea moto ambao wala haukuhitaji kuchochewa. Chungu kilikuwa juu ya mafiga matatu, kama vyungu vilivyokaa katika milima ya Upare tangu watu wajue kupika. Pembeni, mahali ambapo chungu hakifiki, ndipo lilipokuwa figa la nne. Hilo halikubeba kitu. Kazi yake ilikuwa kusikiliza.

Kunda akauliza kama chumvi imetosha. Naetwe akaitikia kwa kichwa, maana kichwa hakina sauti.

Hakuzaliwa hivyo. Zamani alikuwa mwanamke wa kusema, tena wa kusema mpaka majirani wakacheka uani kwao. Lakini jioni moja akiwa amechoka alinung'unika hapo hapo jikoni kwamba watafiti wa mbegu za tangawizi wanamchosha na maelezo yao marefu. Asubuhi yake nyumba ya mbegu iliamka haina maji wala umeme. Miche ikalala chini. Vijana waliokuwa wakiitunza walikuja kumwomba radhi yeye, eti wamemkosea nini. Tangu siku hiyo Naetwe alijifunza kunung'unika shambani, kwenye matuta, ambako hakuna figa. Nyumbani mwake, na katika kila nyumba aliyokaribishwa, alitumia mikono na macho. Watu wakasema mama huyu ana hekima, hasemi ovyo. Wakazidi kumheshimu. Hakuna aliyembishia tena, hata Kunda, ambaye alipoolewa pale alikuwa na mdomo kama wembe.

Siku hiyo ilikuwa ya kumbukumbu ya Mbonea, mume wa Kunda na mtoto wa pekee wa Naetwe. Kunda alikuwa ameizunguka habari hiyo tangu alfajiri, akafua kilichokwisha fuliwa, akafagia palipokwisha fagiwa. Hatimaye akasema, akiangalia moto, kwamba alifikiri wachukue maziwa wampelekee Elieshi kule pangoni, kwa ajili ya Mbonea.

Pango lile lilikuwa maabara. Humo ndani, katika baridi ya kutengenezwa, Elieshi na wenzake walikuwa wakilea hamira ya namna ya pekee, hamira inayotoa chanjo ya kikohozi cha vumbi. Kikohozi hicho kilikuwa kimepanda mlimani kutoka tambarare zilizokauka, kikachukua watu wa kila rika. Chanjo ilipokuwa bado changa alitafutwa mtu mzima wa kujitolea, na Mbonea akanyoosha mkono wake mwenyewe. Elieshi ndiye aliyemchoma sindano. Mbonea hakuamka.

Naetwe alisikia neno pango, akasikia neno maziwa, na kitu alichokuwa amekikalia kifuani muda wote huo kikainuka bila kumwomba ruhusa.

"Pango lile limenilia mwanangu," akauambia moto. "Na lifungwe."

Hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema mtu na makaa. Lakini figa la nne likaanza kuona haya, likawa jekundu kutoka ndani kwenda nje, na wekundu wake ukapanda hadi kwenye kuta zenye masizi. Kunda akaachia kijiti cha kuchochea. Wote wawili walijua maana yake. Kule juu lango moja lilikuwa limejifunga.

*

Elieshi hakuja akikimbia. Alikuja akitembea kama mtu aliyekwisha kukimbia njia nzima akasimama nyuma ya nyumba kwanza, apate pumzi. Koti lake lilikuwa bado na ubaridi wa pangoni. Naetwe akamwona mlangoni, akaweka kidole mdomoni, akamshika mkono hadi kwenye matuta ya tangawizi.

Huko ndiko wanawake hao wawili walikozungumza, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Elieshi akaeleza bila kulia. Mgao wa umeme wa pango umekatika. Mashine ya baridi imezima. Ubaridi uliobaki ndani ya mwamba utaishikilia hamira mpaka jua lizame, si zaidi. Hamira ikifa, kuilea nyingine mpaka ifike ilipofika hii ni kazi ya miaka. Na safari hii chanjo ilikuwa imekamilika. Ilikuwa imejaribiwa kwa Elieshi mwenyewe, kisha kwa wenzake wote, na wote wako hai. Walikuwa wakijiandaa kuanza na watoto.

"Nilikuwa nasema na moto," Naetwe akamwambia.

"Mlima haujui moto, Mama Mbonea. Mlima umesikia Naetwe."

Naetwe akainama, akang'oa gugu ambalo halikuwa gugu. Alijua hesabu ya mambo yale kuliko wengi, kwa kuwa alikuwapo yalipotengenezwa. Kulikuwa na hazina moja ya utafiti waliyoiita Ndiva, kwa jina la yale mabwawa ambayo mababu zao walichimba juu mlimani, kila mtu akachangia jasho na kila shamba likapata zamu ya maji. Katika Ndiva hii mpya kila nyumba ilitia ilichonacho: umeme wa paa lake, fedha ya mavuno yake, siku za mikono yake. Watafiti walizunguka nyumba kwa nyumba wakieleza kazi zao. Nyumba ikisema jikoni mwake kwamba kazi fulani inafaa au haifai, figa la nne lilisikia, na mafiga yote yalipelekeana habari kwa nyuzi za uyoga zilizopita chini ya ardhi. Malango ya Ndiva, yaliyopitisha umeme, maji na fedha kwa kila kazi, yalifunguka na kufungika yenyewe kwa uzito wa sauti. Hakukuwa na mwenyekiti wala mtunza ufunguo. Neno likishapokelewa halikurudi nyuma mpaka mwezi mwingine uandame, ili watu wasigeuzwegeuzwe na kila mpiga domo. Sharti hilo la mwezi alilitoa Naetwe mwenyewe, akapigiwa makofi.

Na mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama.

Lakini sauti moja ya nyumba moja haifungi lango. Hapo ndipo penye kidonda. Watu walichoka kusikiliza watafiti. Wakaona kuna mama mmoja mvumilivu, huwakaribisha wote, huwasikiliza hadi mwisho, hampendelei mtu. Kwa nini wajichoshe? Mmoja akaliambia figa lake kwamba yeye yuko pamoja na Naetwe. Jirani yake akasema vivyo hivyo. Hakuna aliyeshawishiwa na hakuna aliyedanganya. Karibu mlima mzima ulikuwa umehamia jikoni kwa Naetwe, na Naetwe hakuombwa hata rai.

"Nikuulize jambo," Elieshi akasema. "Ulikusudia?"

Naetwe akalizungusha gugu lile vidoleni. "Nilipolisema nililitaka. Nilipoona jiwe limewaka, sikulitaka tena."

"Mtu yeyote huruhusiwa hivyo."

"Ndiyo. Mimi siruhusiwi."

Elieshi akachuchumaa karibu naye. Akamwambia kwamba iko njia moja tu, na kwamba anaona aibu kuitamka mbele yake, yeye kuliko watu wote. Naetwe hakumwuliza ni ipi. Aliijua.

*

Baragumu la msaragambo likalia, lile la kuwaita watu kwenye kazi ya pamoja, na kabla jua halijavuka utosi watu walikuwa wamejaa kwenye mdomo wa Ndiva, mahali nyuzi za mafiga yote zilipokutana. Hapo palikuwa na vitu viwili. Kwanza, jiwe mama, kubwa kama ng'ombe aliyelala, ambalo juu yake kila nyumba ilionekana kama nukta ya mwanga. Pili, mbele ya jiwe hilo, bamba la mwamba lililosawazishwa vizuri, ambalo watu walilizoea kwa kuanikia tangawizi. Lilikuwa mahali pa kiti. Waliotengeneza mafiga walikataa kuondoka bila kuliacha. Walisema siku moja mlima unaweza kuhitaji mtu mmoja wa kuamua, na siku hiyo mkutano wa watu wenyewe, kwa mikono yao na si kwa mafiga, unaweza kumweka mtu pale na kumwondoa pale. Neno lake akiwa amekaa lingekwenda moja kwa moja kwenye malango, bila kungoja mwezi. Na figa la nyumbani kwake lingelala, kwa sababu mtu mmoja hapewi midomo miwili. Watu waliwasikiliza, wakawashukuru, wakaanika tangawizi.

Habari ya kumkalisha Naetwe pale ilikuwa imekwisha kuenea, na wa kwanza kusema alikuwa Senkondo, mdogo wake marehemu mume wa Naetwe, mzee mwembamba mwenye fimbo ambayo haikumsaidia kutembea ila kuzungumza. Akawakumbusha habari ya mwenyekiti wa mwisho. Alikuwa na ufunguo wa ghala la dawa, akateremka nao tambarare kwenye arusi, ufunguo mfukoni, akakaa huko akila pilau. Nyuma yake kikohozi kikaingia. Watoto walikufa nje ya mlango wa ghala lenye dawa yao. Siku aliporudi, Senkondo na Naetwe walikitoa kiti chake nje wakakichoma.

"Shemeji, wewe ndiye uliyewasha," akasema, fimbo ikimwelekea. "Mimi nilileta kuni tu. Leo wanataka nikuone umekaa?"

Watu wakaguna kukubaliana naye, na Naetwe mwenyewe, moyoni, aliguna pamoja nao.

Elieshi akapanda karibu na jiwe mama. Hakuhutubia. Aliwaomba tu walitazame jiwe, jambo ambalo wengi hawakuwa wamelifanya kwa muda mrefu. Nukta za mwanga zilikuwa zimetapakaa, na kutoka katika kila moja ulitoka uzi mwembamba, na nyuzi zote ziliinama upande mmoja kama majani penye upepo, zikaingia katika nukta moja iliyovimba na kung'aa kuliko zote.

"Hilo ni jiko la Mama Mbonea," Elieshi akasema. "Kiti mlikichoma, sawa. Sasa niambieni hiki ni nini. Huyu mama ni mwenyekiti wenu. Tofauti yake na yule wa zamani ni kwamba yule mliweza kumwondoa."

Senkondo alilitazama jiwe muda mrefu. Akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo, kwamba kama ni hivyo dawa yake si kiti. Kila mtu achukue sauti yake sasa hivi, hapa hapa. Aliyechukua sauti yake leo hajasema neno mwezi huu, kwa hiyo anaweza kusema juu ya pango. Na shemeji anyamaze kabisa, asimwelekeze mtu hata kwa jicho, ili safari hii iwe kweli akili ya kila mmoja.

Lilikuwa shauri zuri. Naetwe alilipenda kuliko yote aliyoyasikia siku ile, na akaenda kukaa peke yake nyuma, amewapa watu mgongo, khanga imefunika nusu ya uso.

Wakapanga mstari. Mmoja mmoja aliweka kiganja juu ya jiwe mama, akadai sauti yake, na nyuzi zikakatika, nukta zikatulia kila moja mahali pake kama mbegu zilizomwagwa vizuri. Watu wakafurahi. Wako waliocheka. Kisha jiwe likawauliza juu ya pango, na furaha ikapungua.

Kwa maana wa kwanza kuulizwa alikuwa mama mmoja mfuma vikapu, mwenye wajukuu wanaokohoa, na mama huyo alitaka pango lifunguliwe kwa moyo wake wote. Lakini akageuka akaona mgongo wa Naetwe. Akaona khanga. Akakumbuka siku yenyewe ni siku gani. Yeye ni nani afungue mlango ambao mama aliyefiwa ameufunga, tena siku ya kumbukumbu ya mwanawe, tena mbele yake? Ukiingia kwenye msiba wa mtu huanzi kupanga upya viti. Akasema polepole kwamba yeye yuko na Naetwe. Aliyemfuata alisikia, akaona haya kuwa mtovu wa adabu kuliko mwenzake. Na aliyemfuata huyo vile vile.

Naetwe, mgongo wake ukiwa umewaelekea, alisikia jina lake likitajwa, likitajwa, likitajwa, kama matone ya paa bovu. Alitaka kugeuka awaambie. Lakini alikuwa ameahidi kunyamaza. Alipogeuka hatimaye, mstari ulikuwa umekwisha, nyuzi zote zimerudi jikoni kwake, na neno la kila nyumba limefungwa mpaka mwezi mwingine.

Hata kunyamaza kwake kulikuwa amri.

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Mpaka wakati huo alidhani amefungwa na jiwe, na jiwe mtu anaweza kulikimbia akaenda kwenye matuta. Sasa aliona amefungwa na heshima ya watu, na heshima haina ukuta wa kubomoa. Angekwenda wapi? Angehama mlima, wangemfuata kwa fikira. Angekufa, wangeulizana marehemu angesemaje.

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mabega ya mlima wa magharibi. Elieshi alikuwa ameketi chini, mikono imelegea mapajani, haombi tena. Senkondo alikuwa akikwaruza ardhi kwa fimbo, hamtazami mtu.

Ndipo watu wakaona njia inafunguliwa katikati yao. Alikuwa Kunda. Alikuwa ameondoka bila kuaga na sasa alikuwa amerudi, kichwani amebeba kigoda cha jikoni kwao, chenye masizi upande mmoja. Akapita mbele ya Senkondo. Senkondo akamwambia rudi nacho, binti yangu. Kunda hakurudi. Akasukuma tangawizi za watu pembeni kwa mguu, akakiweka kigoda juu ya bamba la mwamba.

Kisha akamtazama mama mkwe wake usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

"Mama, hukumzaa Mbonea peke yako ukamaliza. Mimi nilikuwa mkewe. Nilimwambia asiende, akaniambia atakwenda. Alikwenda kwa miguu yake. Pango likifungwa, amekufa bure. Mimi sikubali amekufa bure. Wewe ukikubali, kubali mbele ya watu, usiniambie mimi jikoni."

Miongoni mwa watu wote wa mlima ule, huyu alikuwa wa kwanza baada ya muda mrefu kumwambia Naetwe kwamba amekosea, na Naetwe alisikia maneno yale yakimwingia kama maji ya baridi kwa mtu aliyekuwa akitembea juani. Yaliuma. Alitamani aendelee.

Akaja mbele. Akasimama karibu na kigoda, hakukaa.

"Nimechoma kiti kimoja maishani mwangu, na nitakichoma tena kikiwa na ufunguo," akasema. "Lakini naona jambo ambalo sikuliona wakati ule. Kiti mtu huinuka. Kule mlikoniweka ninyi, siwezi kuinuka. Sina pa kuinukia. Nitakaa hapa kama kuna mtu atakayeniambia inuka. Si mkutano. Mkutano una adabu mno. Nataka mtu mwenye jina, atakayeita mikono inyanyuliwe siku nikikosea, hata kama nimevaa khanga ya msiba. Nani?"

Wakatazamana. Wengi walitazama chini. Ulikuwa ukimya wa watu wema, na Naetwe aliuchukia kwa namna ambayo hakujua kama angeweza.

"Mimi," Elieshi akasema kutoka pale alipoketi.

Watu wakageuka. Yule aliyemchoma Mbonea sindano.

"Nitakuambia inuka, Mama Mbonea. Na pango langu likipata zaidi ya haki yake, nitakuambia pia."

"Basi utakuwa unakaa hapo mbele yangu, nikuone," Naetwe akasema.

Mikono ikanyanyuliwa, mingi, si yote. Wa Senkondo haukunyanyuliwa. Lakini Naetwe alipotaka kukaa, kigoda kikayumba juu ya mwamba, na ni Senkondo aliyeinama kwa taabu, akatafuta kijiwe, akakiweka chini ya mguu wa kigoda. Akakijaribu kwa mkono. Akasema bado hakubali, ila hataki aanguke.

Naetwe akakaa. Mwamba chini yake ukapata joto. Akasema lango la pango lifunguliwe, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza, ilikuwa imeparuza kama mlango wa siku nyingi. Kule juu, ng'ambo ya bonde, taa ya mdomo wa pango ikawaka, ndogo, ya buluu. Elieshi alikuwa amekwisha kuondoka mbio.

*

Jioni Kunda alipasha moto makande yale yale.

Kigoda kilikuwa kimebaki Ndivani, kwa hiyo Naetwe alikaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Akachota, akatafuna. Akasimamisha kijiko. Kwa mazoea akaligeukia figa la nne. Lilikuwa limelala pale pembeni, la kijivu, kama jiwe lolote la mtoni. Alilitazama muda, kama unavyomtazama mbwa wa watu uliyeambiwa haumi. Alifungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena.

"Kunda. Haya makande hayana chumvi."

Akasubiri. Figa halikubadilika rangi. Kule nje hakuna taa iliyozimika.

Kunda akachota kidogo kwa ncha ya kijiko, akaonja, akafikiri.

"Chumvi imo, mama," akasema. "Ni ulimi wako."

Naetwe akaweka bakuli chini, akamtazama mkwe wake. Kisha akajifunika uso kwa khanga, na mabega yake yakaanza kutikisika, na Kunda hakujua kama ni kicheko au ni kile kilio kilichochelewa, akasogea akakaa karibu naye tu.